Miaka Thelathini na Moja Juu ya Nyasi

Leo, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, saa kumi na moja jioni, Msimamizi wa Bustani ya Ukingo wa Mto anastaafu rasmi baada ya kutumikia miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa. Katika muda wote huo hakuchelewa kazini hata siku moja, hakupandishwa cheo hata mara moja, na hakuna mtu aliyewahi kumwona amekaa.

Ofisi ilipotafuta wa kuandika wasifu wake kwa ajili ya sherehe hii, ilibainika kwamba hakuna mfanyakazi wa ofisini anayemfahamu vizuri. Si kosa lao. Ofisi ipo ghorofa ya tatu, na madirisha yake yote yanatazama maegesho ya magari. Kwa hiyo kazi hii ililetwa shuleni kwetu, ng'ambo ya barabara, kwa kikundi cha wanafunzi tunaomsaidia mzee kila Jumamosi kuhamisha kamba na vijiti. Yeye hutuita "wafanyakazi wenzangu wa Jumamosi", na alitukatia vitambulisho vya karatasi ngumu kwa mkasi wake mwenyewe. Basi tunaandika kama wenzake kazini, na tutajitahidi kusema yaliyo kweli tu.

Ukitaja cheo chake mjini hapa, watu watakuuliza unamsema nani. Ukisema Mzee Filimbi, hata mtoto wa chekechea atanyoosha kidole kuelekea mtoni.

Kazi ya Mzee Filimbi haielezeki bila kueleza kibao. Kila anayeingia bustanini hukutana nacho langoni: bati jeupe, nguzo mbili za chuma, maandishi mekundu. Kinasema: NI MARUFUKU KUTOKANYAGA NYASI. Anayesoma haraka huona katazo la kawaida na kupita zake. Anayesoma polepole, kama tunavyofundishwa, hugundua kwamba anayekatazwa ni yule asiyekanyaga.

Waliokuwepo wanasema ofisi haikukusudia hivyo. Rasimu ya kwanza ilisema "Wananchi wanaombwa kutokanyaga nyasi", sentensi isiyo na kosa lolote. Mkubwa wa wakati huo akaisoma na kusema kwamba ofisi haiombi, ofisi inakataza. Mpiga chapa akafuta "Wananchi wanaombwa", akaweka "Ni marufuku", na mengine akayaacha yalivyokuwa, kwa sababu saa ya kwenda nyumbani ilikuwa imefika. Mchora vibao akachora alichopewa. Nguzo zikamwagiwa zege. Siku ya pili yake Mzee Filimbi, wakati huo kijana mwembamba mwenye sare inayompwaya, akaripoti kazini.

Barua yake ya ajira anayo hadi leo, ndani ya mfuko wa nailoni. Inamwagiza kuhakikisha kilichoandikwa kwenye kibao kinatekelezwa na watu wote, bila kuongeza wala kupunguza. Alisoma barua. Alisoma kibao. Akatia filimbi mdomoni.

Mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa karani wa posta, aliyekuwa akikatisha bustani kwa njia ya lami, mkoba kwapani, akiwahi kazini. Karani huyo sasa amestaafu na leo amekaa mstari wa mbele. Mazungumzo yao ya siku ile huyasimulia kila anapopata msikilizaji, na sisi tumeyasikia mara nyingi kiasi cha kuyajua kwa moyo.

"Wewe bwana mwenye mkoba! Shuka hapo!"

"Nishuke niende wapi?"

"Kwenye nyasi. Hapo uliposimama unavunja sheria."

"Unanitania?"

"Mtu aliyevaa sare hatanii. Rudi ukasome kibao."

Karani akarudi, akasoma. Akasoma tena akifuata herufi kwa kidole. Anasema alikuwa na hoja nzuri sana ya kubishana, ila kwanza aliona akanyage kidogo ili filimbi inyamaze. Nyasi zilikuwa na umande, viatu vikalowa, akavivua. Akiwa peku, hana la kufanya, akainua macho akauona mto. Alikuwa amepita hapo kila asubuhi kwa miaka sita. Siku hiyo alichelewa kazini dakika arobaini, na alipoulizwa sababu alisema ukweli mtupu, kwamba amekamatwa kwa kosa la kutembea njiani. Hakuaminiwa. Jumapili iliyofuata akaja na mkewe na watoto wake wanne, kuwaonyesha ushahidi.

Ndivyo maisha ya ukingoni yalivyoanza hapa mjini. Katika taarifa za ofisi imeandikwa kwamba yalianza kutokana na mpango kabambe wa burudani kwa jamii. Tulimwuliza Mzee Filimbi kuhusu mpango huo, akasema hajawahi kuuona ukipita, labda ulipita kwenye lami.

Ofisi iligundua kosa lake baada ya miezi mitatu na ikamtuma mkaguzi. Mkaguzi alifika akiwa na tai, akapigiwa filimbi, akashuka kwenye nyasi, na akiwa hapo hapo akaanza kueleza.

"Sikiliza, ndugu yangu. Hiki kibao maana yake imekuwa kinyume."

"Kinyume cha nini, bosi?"

"Cha tulichokusudia!"

"Mimi sikuajiriwa kulinda kusudio. Kusudio silioni. Kibao nakiona, kina nguzo mbili."

Mkaguzi alirudi ofisini kuandaa marekebisho. Utaratibu ulitaka iandikwe barua ya kukiri kosa, isainiwe na aliyekosea, kisha jalada lipite meza saba. Mkubwa alisema aliyekosea ni mpiga chapa. Mpiga chapa alisema yeye hupiga anachopewa. Jalada likaanza safari. Wakurugenzi watano wamekuja na kuondoka, na kila mmoja amelipokea kwa heshima na kulisogeza meza inayofuata. Tunaambiwa sasa limenenepa sana na hubebwa na watu wawili.

Hofu kubwa ya ofisi ilikuwa kwamba nyasi zitakufa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na hapa ndipo tunapomheshimu Mzee Filimbi kuliko popote. Aligawa bustani vipande sita kwa kamba na vijiti. Kila Jumamosi kipande kimoja kinafungwa kipumzike, na kilichopumzika kinafunguliwa. Anajua kila kipande kwa tabia yake: cha chini ya daraja hunywa maji mengi, cha karibu na lango huchoka upesi, cha katikati hakipendi mpira. "Nyasi zina likizo," hutuambia tukihamisha vijiti, "mtu asiye na likizo hapa ni mimi." Ofisi nayo ina uwanja wake mdogo wa nyasi mbele ya jengo, uliozungushiwa mnyororo, ambao hakuna mguu uliowahi kuugusa. Umebaki udongo na mnyororo.

Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutii. Hakutembea kwenye lami hata akiwa na haraka. Kila baada ya miaka miwili ofisi ilimpa buti mpya, naye akawa anazirudisha stoo zikiwa nzima kabisa, kwa kuwa nyasi hazili soli. Mtunza stoo aliandika ripoti kwamba mtumishi huyu inaonekana hafanyi kazi.

Kutoka kwa karani na watoto wake wanne, ukingo ukajaa. Wakaja wacheza drafti, ambao hugombana kila siku na hawajawahi kukosa siku. Wakaja wavuvi wa ndoano, watu watulivu wanaorudi nyumbani na kile walichokuja nacho. Ikaja kwaya kufanya mazoezi, na wavuvi wakahamia upande wa juu. Zikaja boti mbili za kasia za kukodi. Wakaja vijana wa kukimbia, wazee wa kutazama vijana wakikimbia, na wagonjwa waliotoka hospitali iliyo ng'ambo ya mto, wakiwa wameambiwa na daktari wapate hewa. Watu waliopanga nyumba ukuta kwa ukuta bila kujuana walisalimiana kwa mara ya kwanza hapa, peku, baada ya kupigiwa filimbi pamoja.

Hatuwezi kumsahau Mama Nesi. Huyu ni muuguzi mwenye mwili wa kutosha, aliyeamua kujifunza baiskeli akiwa na miaka arobaini na minane. Barabarani alichekwa. Ukingoni alilazimishwa kuendesha kwenye nyasi, kwa mujibu wa kibao, na aligundua kwamba nyasi zikimwangusha mtu hazimuumizi. Mzee Filimbi alikimbia kando yake akipuliza filimbi ili watu wapishe njia. Siku ya nne baiskeli ilishika mteremko.

"Breki, mama! Breki!"

"Ziko wapi?"

"Mkononi!"

"Mkono ninao, mzee, akili ndiyo imeniacha!"

Aliingia kwenye matete pamoja na baiskeli, maji yakamfika magotini. Alitoka amekumbatia usukani, anacheka hadi wavuvi wakakunja ndoano zao kwa hasira. Leo anaongoza kikundi cha akina mama ishirini na watatu wanaoendesha kila Jumapili asubuhi hadi daraja la zamani na kurudi. Ukiwaona wanakuja, ushauri wa Mzee Filimbi ni ule ule tangu mwanzo: pisha kwanza, salimia baadaye.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa masihara. Mwaka ule mto ulipofurika, alikuja alfajiri akakuta nyasi zote zimefunikwa na maji. Akafikiri kidogo. Nyasi hazikanyagiki, kwa hiyo amri haitekelezeki, kwa hiyo hakuna anayeweza kuingia bila kuvunja sheria. Akafunga lango kwa kamba, akasimama mbele yake siku tatu akiwarudisha watu nyumbani, hata wale waliomwambia wanataka kupiga picha tu. Ofisi ilimwandikia barua ya onyo kwa kufunga mali ya umma bila kibali. Mchana wa siku ya tatu ngazi za mawe za ukingoni, ambazo kwa kawaida zilikaliwa na watu zaidi ya hamsini, zilibomoka zote na kwenda na maji. Hapakuwa na mtu hata mmoja juu yake. Barua ya onyo ilifika kesho yake. Aliipokea, akasaini, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na ile ya ajira.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo limetukosesha raha wiki nyingi.

Mzee Filimbi hajawahi kupumzika ukingoni. Siku zake za kazi ni zile ambazo wengine wanapumzika, na mapumziko yake ni Jumatatu. Mkewe ni mfuaji wa mashuka katika ile hospitali ya ng'ambo, na mapumziko yake ni Jumapili. Kwa miaka thelathini na moja mama huyu amefurahia ukingo kwa masikio tu. Akiwa anaanika mashuka husikia filimbi ya mumewe ikivuka maji, akajua mtu mwingine anaamrishwa kustarehe. Nyuma ya mlango wao kuna mkeka alioununua mwaka wa kwanza wa ndoa kwa ajili ya kuja kukaa hapa. Tumeuona tulipokwenda kumsalimia. Bado umefungwa na kamba ya dukani.

Kesho ni Jumapili, na kwa mara ya kwanza wote wawili wana nafasi.

Lakini ofisi iliamua kwamba kustaafu kwake ni fursa nzuri ya kusahihisha kibao, bila barua ya kukiri wala jalada, kwa kukiita kipya. Kibao cha zamani kingeng'olewa, na kipya kingezinduliwa leo hapa mbele yenu na Mkurugenzi, kama zawadi. Habari hiyo ilipomfikia Mzee Filimbi hakulalamika. Alisema tu kwamba kibao kikibadilika, naye anabadilika. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya mkeka.

"Una maana ukistaafu hatukai?"

"Mke wangu, nimewapigia watu filimbi miaka yote kwa ajili ya maandishi. Nikishavua sare ndiyo niyavunje?"

"Kwa hiyo nitandike kwenye lami, nigongwe na akina Mama Nesi?"

"Tutatembea. Lami nayo si mbaya."

"Hujawahi hata kuikanyaga, utajuaje?"

Sisi tulikunywa chai yetu haraka tukaaga.

Kila mtu mwingine, tulijua, angelipuuza katazo jipya. Wacheza drafti wasingehama, kwaya isingenyamaza. Mtu mmoja tu mjini hapa angelitii hadi mwisho wa maisha yake, na ni yule ambaye bila yeye wengine wasingekuwa na mahali pa kukaa.

Wiki tatu zilizopita rasimu ya kibao kipya ililetwa shuleni. Ofisi, kwa kuwa imejifunza kutokana na yaliyopita, iliomba wanafunzi waihakiki kabla haijachorwa. Barua iliyoambatana nayo tunainukuu kama ilivyo: "Mkague maneno kwa kuyalinganisha na kibao kilichopo, msahihishe popote mtakapoona tofauti, na mrudishe." Rasimu yenyewe ilisema: NI MARUFUKU KUKANYAGA NYASI.

Tuliichukua hadi langoni, tukasimama kwenye nyasi, tukalinganisha neno kwa neno. Neno la kwanza lilikuwa sawa. La pili lilikuwa sawa. La nne lilikuwa sawa. La tatu lilikuwa limepungukiwa na herufi mbili. Tulizirudisha kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko safi.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliitazama kazi yetu kwa muda mrefu kuliko anavyotazama insha nzima.

"Mmelinganisha?"

"Tumelinganisha, mwalimu."

"Mmeongeza chochote ambacho hakipo kwenye kibao kilichopo?"

"Hapana, mwalimu."

"Mmepunguza?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi mmefanya mlichoagizwa," akasema, akagonga muhuri wa shule. Halafu akatoka nje, na kupitia dirishani tulimwona amejishika tumbo.

Rasimu iliyosahihishwa ilirudishwa siku hiyo hiyo, na Mkurugenzi aliisaini siku hiyo hiyo. Tumeambiwa alifurahishwa na jinsi shule ilivyofanya kazi kwa haraka na unadhifu. Mchora vibao amechora alichopewa. Nguzo zilimwagiwa zege jana asubuhi, na zege limeshika.

Kibao hicho ndicho hicho mnachokiona pale langoni, kimefunikwa shuka jeupe. Shuka limeazimwa hospitalini na limefuliwa na mke wa mstaafu kwa mkono wake. Hatukumwambia yeye, wala mumewe. Tunataka wasome wenyewe, polepole.

Ikiwa Mgeni Rasmi wetu, Mkurugenzi, anasoma ukurasa huu kabla ya kuvuta shuka, tunamwomba radhi kwa mshtuko, na tunamkumbusha kwa heshima kwamba sahihi iliyo chini ya rasimu ni yake. Ikiwa ataona kuna kosa, njia ya kulirekebisha inajulikana: ni barua ya kukiri, kisha meza saba. Tunawaomba pia wageni waalikwa ambao viti vyao viko kwenye lami wasogee mbele hatua mbili, kwa usalama wao wa kisheria.

Ofisi bado haijapata mtu wa kuchukua nafasi ya Mzee Filimbi. Kwa sasa kamba na vijiti tutahamisha sisi, tumeshajua kipande kipi huchoka upesi. Filimbi ametuachia, imefungwa kwenye leso, pamoja na maelekezo ya jinsi ya kuikausha mate.

Mzee wetu, asante kwa kutushusha kwenye nyasi kabla hatujajua kwamba tunazihitaji. Asante kwa niaba ya karani na viatu vyake, kwa niaba ya Mama Nesi na breki zake, na kwa niaba ya watu hamsini ambao hawakuwa kwenye ngazi. Kesho asubuhi, mama, fungua ile kamba ya dukani. Kipande cha katikati tumekifunga tangu wiki iliyopita, kimepumzika vya kutosha, na tutakifungua saa mbili kamili.

Nawe, Mzee Filimbi, ukifika pale, vua viatu ukae chini. Tunakutakia makao mema, lakini usidhani ni matakwa yetu tu. Imeandikwa kwenye kibao, nasi tutakuwa hapo na filimbi.